Taa Isiyozimika

Jumatatu, 6 Mei

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute mzima, na goti liwe limeacha kukusumbua unapopanda kilima. Mimi huku mjini sijambo, kazi tu ndiyo inanikimbiza. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Najua iko kabatini, umeizima na kuifunga kitambaa ili betri isiishe. Mama, betri haihifadhiwi kama mbegu! Haya, nimerudi kwenye karatasi, na dereva wa lori la maziwa amekubali kuwa tarishi wetu kama zamani.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Ule mradi mkubwa unaosaidia kilimo endelevu na kampuni changa za nishati safi unafikia mwisho wa awamu ya kwanza. Wafadhili wanataka tathmini kabla ya kutoa chochote kwa awamu ya pili. Ofisi yetu ndiyo iliyopewa kazi hiyo, na mimi nimekabidhiwa bonde letu! Kampuni zilizofika hapo kwetu ni mbili: iliyojenga ghala la mahindi la chini ya ardhi, na iliyogawa taa za sola. Ufunguo wa ghala unao wewe. Nikajiambia, nani atanieleza ukweli kama mama yangu mzazi?

Bosi wangu tunamwita Bwana Asilimia, kwa sababu hata ukimwuliza ameamkaje anakujibu kwa tarakimu. Amesema ripoti hii ikinyooka nitaajiriwa moja kwa moja, niachane na hii mikataba ya miezi mitatu mitatu. Niombee, mama.

Nieleze basi, hilo ghala linafanyaje kazi? Na kwa nini watu wamelalamika kwamba siku ya kulifungua uliwarudisha nyumbani mikono mitupu?

Mwanao,
Kitinda mimba

Nilitaka kusahau! Dereva atakupa sabuni na miwani mipya. Ile ya zamani uitupe, usiifunge uzi tena. Na mwambie jirani yetu Mama Pacha kwamba salamu zake zimefika. Pia usisahau kunijibu lile la ghala.


Alhamisi, 9 Mei

Kwako kitinda mimba wangu,

Marahaba mwanangu, marahaba tena. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Goti liko palepale, tumeshazoeana, kila mmoja anajua tabia ya mwenzake. Miwani imenikaa sawasawa. Ya zamani sikuitupa, nimempa Mama Pacha, naye anaringa nayo kuliko mimi ninavyoringa na mpya.

Lakini kabla ya yote nikukanye. Hivi nani alikufundisha kuweka jina halafu ukaendelea kuongea chini yake? Barua ikishawekwa jina imefungwa, kama mlango. Wewe umeshafunga mlango, halafu unapiga kelele dirishani. Mimi siweki jina mpaka nimemaliza la mwisho.

Umeniuliza habari za ghala. Liko nyuma ya chumba cha ushirika, pale palipokuwa na mizani mbovu. Ni shimo lenye kina cha watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao, limejengwa kwa matofali na kufunikwa plastiki nzito ndani yote. Mdomo wake unatosha mtu mmoja na mabega yake. Kuna ngazi ya chuma na kifuniko chenye mpira pembeni. Tunajaza, tunafunika, tunakaza skrubu, tunaondoka. Hatutii dawa wala majivu. Ukija kufungua baada ya miezi unakuta fukusi wamekufa wote, miguu juu, na mahindi ni mazima kama yalivyotoka shambani. Nilimwuliza fundi wao kinachowaua ni nini. Akacheka, akasema, "Mama, ghala linawanyima raha." Hakuongeza neno, gari lilikuwa linamngoja.

Na hilo la kuwarudisha watu, ni kweli, niliwarudisha. Unamkumbuka baba yako, Mungu amrehemu, na visima vyake. Mtu yule hakuwahi kuingia shimoni bila kutanguliza kandili kwa kamba. Ikishuka ikazimika, alikuwa anakunja kamba na kurudi nyumbani kulala, hata kama mwenye kisima anatukana. Alikuwa akisema, "Pasipokaa taa, hapakai mtu." Sikuwahi kumwuliza sababu. Niliona tu kwamba wenzake wawili waliodharau kandili tuliwazika, na yeye akafa kitandani kwake akiwa mzee, ananung'unikia chai.

Basi siku ile nilitanguliza kandili yake ileile. Ilifika katikati ya shimo, ikazimika kana kwamba kuna mtu ameipuliza. Wala hapakuwa na upepo. Nikawaambia watu tuache wazi, turudi kesho. Wakaguna, wengine wakanicheka. Kesho yake ikawaka mpaka chini, tukatoa nusu ya mahindi yaliyokuwamo, tukafunga tena. Ndiyo lalamiko lao lote hilo.

Nikuambie na lingine, japo halina maana. Kifuniko kikifunguka, shimo linakupumulia usoni. Pumzi yake ni ya joto, ina harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na nikiinama kidogo kichwa kinazunguka. Labda ni uzee tu.

Sasa nimemaliza, ndipo naweka jina.

Mama yako


Jumatatu, 13 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mimi sijambo, na barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu ofisini hadi wenzangu wakaniuliza kama nina mchumba. Nimeahidi sitafunga mlango kabla ya kumaliza.

Ghala limefanya vizuri mno! Mahindi yaliyoharibika: sifuri. Sumu iliyotumika: sifuri. Bwana Asilimia ameniita mezani kwake, akanionyesha ukurasa wa ghala na kusema hajaona bonde jingine lenye matokeo kama hayo. Ile siku moja ya kungoja nilikuwa na mashaka nayo, lakini nimeiandika kuwa ni desturi ya wenyeji, na yeye akapita bila kuuliza.

Tatizo liko kwenye ukurasa wa taa. Lengo lilikuwa kila nyumba ipokee taa ya sola na kurudisha taa ya mafuta, ili moshi na hatari ya moto viishe kabisa bondeni. Kila nyumba imerudisha, isipokuwa moja. Mama, nyumba hiyo unaijua, maana ndiyo niliyozaliwa ndani yake.

Tafadhali irudishe hiyo kandili. Mafuta yenyewe mwenye duka hauzi tena. Unaitunzia nini?

Mwanao anayekupenda,
Kitinda mimba


Ijumaa, 17 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tunaendelea vyema. Mvua imepita, ila imeacha tope hadi mlangoni, na daraja la chini linalalamika likipitiwa na lori.

Nimefurahi kwa ajili ya ghala. Mama Pacha amekuwa akiwatangazia watu kwamba tumekuwa wa kwanza, bila hata kujua tulikuwa tunashindana nini.

Kuhusu kandili, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Usinielewe vibaya, taa mpya naipenda. Usiku nasomea barua zako bila kutoa machozi ya moshi, na asubuhi naianika juu ya paa kama nguo. Sina ubaya nayo hata kidogo. Lakini kandili siiweki kwa ajili ya nyumba, naiweka kwa ajili ya shimo. Mafuta yaliyobaki nimeyahifadhi kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, yanatosha kufungulia ghala mara moja au mbili. Baada ya hapo sijui.

Hebu wewe uliyesoma niambie. Hii taa ya sola inafaa kutangulizwa shimoni? Inazimika inapotakiwa kuzimika?

Nimemaliza.

Mama yako


Jumatatu, 20 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijambo kidogo. Naandika haraka, dereva ananipigia honi.

Bwana Asilimia amegundua kwamba mwenye kandili ya mwisho ni mama yangu. Amenisema mbele ya watu. Ameuliza nitawezaje kuwaambia wafadhili kwamba bonde limeacha mafuta wakati nyumbani kwetu kandili inaning'inia ukutani. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni niliumia sana. Mama, nimesota na mikataba hii miaka yote hii. Usininyime kazi kwa sababu ya kipande cha bati na kioo.

Umeuliza kama taa mpya inafaa kutangulizwa. Taa ni taa, mama! Tena hii ni bora kuliko ile, haizimwi na upepo wala unyevu, unaweza kuizamisha hata kwenye ndoo ya maji. Itakuonyesha shimo zima hadi chini. Baba alitumia kandili kwa sababu wakati wake hapakuwa na nyingine. Angeipata hii angekuwa wa kwanza kuitupa ile.

Nakuomba, mama. Sitakuomba kitu kingine mwaka huu.

Mwanao


Jumatatu, 3 Juni

Kwako mwanangu,

Salamu. Najua nimekawia. Sikuwa naumwa, nilikuwa nimenuna. Mama naye hununa.

Kandili nimeirudisha. Walikuja watu wa kampuni na kamera, wakazipanga taa zote za bonde uwanjani kwa safu, halafu trekta la ushirika likapita juu yake, likaenda likarudi. Watu walipiga makofi. Ya baba yako ilikuwa pembeni kabisa, na niliposikia kioo chake kinalia chini ya gurudumu nilitazama pengine. Mpiga picha akaniambia nitabasamu, nikatabasamu. Ukiiona hiyo picha kwenye ripoti yako, ujue yule bibi anayecheka alikuwa anataka kulia.

Basi, yamekwisha. Umenihakikishia taa ni taa, na mtoto wangu hajawahi kunidanganya, isipokuwa lile la sukari ulipokuwa mdogo.

Lakini kuna jambo limetokea ambalo silipendi. Siku ileile watu wa kamera walitaka kupiga picha ya ghala, wakaniomba nilifunue kidogo. Paka wangu Mkaguzi, unamjua kwa umbea wake, akaona panya au sijui alinusa nini, akarukia ndani. Nilidhani atapanda ngazi, maana paka yule anapanda hata ukuta mtupu. Nikamwita. Akalia mara moja tu, akanyamaza. Tulimvua na ndoano ya magunia. Hakuwa na jeraha wala tone la damu, alikuwa amejikunja juu ya mahindi kama alivyokuwa akijikunja jikoni. Watu wa kamera walisema ameteguka shingo. Nimemshika shingo mwenyewe, ilikuwa nzima.

Niambie kweli, mwanangu. Hawa watu wametia sumu kwenye mahindi yetu bila kutuambia? Maana tunalisha watoto mahindi hayo. Mama Pacha tangu siku hiyo hataki hata kupita nyuma ya chumba cha ushirika. Anasema lile shimo linameza. Nimemkemea, lakini mimi mwenyewe nikipita pale naongeza mwendo.

Mama yako


Ijumaa, 7 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, na pole sana kwa Mkaguzi. Nimesikitika kweli. Alikuwa akinilalia miguuni kila nilipokuja likizo. Na nisamehe kwa kandili. Picha nimeiona. Nimekaa nayo muda mrefu, na nimekuona jinsi ulivyokuwa. Nikipata kazi ya kudumu nitakutafutia nyingine kama ile, hata kwa wauza vitu vya kale, ukae nayo kama ukumbusho.

Kuhusu sumu, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nimeuliza kampuni kwa maandishi, nimeangalia vipimo vya maabara kwa macho yangu. Mle ndani hakuna sumu hata tone. Ndiyo sifa yake kubwa, na ndiyo sababu mradi uliichagua. Watoto wale washibe. Paka alikuwa mzee, mama, na kuanguka kutoka juu kote kule si mchezo.

Sasa lipo jambo moja la mwisho, halafu nakuacha upumzike. Wafadhili wanakuja bondeni Jumatatu ya tarehe 17 kuliona ghala. Mahindi tuliyopima mpaka sasa yote yametoka juu, na Bwana Asilimia anasema ya juu hayathibitishi kitu, kwa kuwa hata muuza nyanya hupanga nzuri juu. Anataka kopo moja la mahindi ya chini kabisa, yaliyogusa sakafu, yapimwe unyevu kabla wageni hawajafika. Naomba ufungue, uyachote, umpe dereva. Kama goti halikuruhusu mtume kijana yeyote ashuke.

Safari hii usiwarudishe watu, wala usingoje kesho. Muda hautoshi.

Mwanao,
Kitinda mimba


Jumatatu, 10 Juni

Kitinda mimba,

Marahaba mwanangu. Barua yako imenituliza. Kama hakuna sumu, basi hakuna. Nimemwambia Mama Pacha, akasema "tutaona," lakini jana alikuja na kikapu kuulizia siku ya kugawa mahindi. Njaa haina kinyongo.

Kopo lako nitalichota. Nitafungua Alhamisi asubuhi. Siku hiyo bonde zima linakwenda mnadani ng'ambo ya mto, hapatakuwa na watu wa kunisimamia kichwani wakiuliza kwa nini hivi na kwa nini vile. Dereva akipita mchana atalikuta tayari.

Umeniambia nimtume kijana. Hapana. Mwenye ufunguo ndiye anayeshuka. Siwezi kumtia mtoto wa mwenzangu kwenye shimo ambalo mimi sijaliingia. Baba yako hakuwa hivyo, na mimi nimekaa naye miaka mingi mno nisiambukizwe. Goti litakubali, nimeanza kulibembeleza kwa mafuta ya moto tangu leo.

Usihofu kuhusu muda. Nitatanguliza taa yako. Ikikaa, nashuka papo hapo. Ikizimika, nitakusamehe wewe na huyo Bwana Asilimia wako, lakini mtangoja.

Mama yako


UJUMBE WA SIMU
Alhamisi, 13 Juni

Mama washa simu. Ni mimi.

Mama, usifungue ghala. Kama umefungua usishuke. Usiinamie hata mdomoni.

Mama, fundi wa ghala amekuja ofisini leo asubuhi kutuandaa kwa wageni. Nimemwuliza fukusi wanakufaje. Kasema wanakosa hewa. Kumbe mahindi na wadudu wakifungiwa wanaivuta hewa yote nzuri, inayobaki haifai kwa kiumbe chochote. Unavuta mara mbili tatu unaanguka. Kasema mle ndani hata kiberiti hakiwaki. Nimesimama nikamwambia rudia. Akarudia.

Ndiyo maana kandili ya baba ilikuwa inazimika. Moto unahitaji hewa kama mtu. Sola haihitaji. Sola itawaka hata mahali ambapo wewe huwezi kuishi. Mama taa hiyo usiiamini. Niliyokuambia si kweli. Taa si taa.

Nimemwuliza mbona hawakuwaambia. Kasema maelezo yalikuwa ya kutolewa pamoja na feni ya kupulizia hewa, na feni imepangwa awamu ya pili. Mimi ghala nimelipatia alama za juu kabisa mama. Na taa nazo nimezipa. Kila moja kwenye ukurasa wake.

Mkaguzi hakuteguka shingo.

Niko njiani. Nimechukua gari la ofisi, sijamwomba mtu. Washa simu mama nakuomba, itoe kwenye kitambaa.

Nimempigia mwenye duka. Yuko mnadani. Nimempigia Mama Pacha, naye yuko mnadani. Amepiga kelele akakata, nadhani anakimbia. Lakini yuko ng'ambo ya mto.

Lori la maziwa limekwama darajani limeziba njia. Dereva anasema hajafika kwako leo. Naliacha gari hapa. Napanda kwa miguu.

Mama nakiona kilima. Ngoja. Usifanye chochote, ningoje tu.

Mwanao


Alhamisi, 13 Juni, asubuhi

Kwako kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi kutoka juu ya shimo! Nimeamka mzima, chai nimekunywa, na goti leo limeamka na adabu. Nakuandikia nikiwa nimekalia kifuniko nilichokivuta kando, karatasi iko juu ya paja, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Nimekuja na karatasi makusudi, niandike wakati shimo linatoa ile pumzi yake. Maana limenipumulia vibaya leo kuliko siku zote, hadi nikarudi nyuma nikashika ukuta.

Bonde liko kimya sana. Wote wamekwenda. Hata kuku wa ushirika wamekaa mbali, upande wa barabarani. Nilikuwa nafikiri ningefurahi kuwa peke yangu, lakini nikuambie ukweli, nilipokuwa nalegeza skrubu nilitamani hata Mama Pacha angekuwepo na umbea wake. Nimeanza kuwa mwoga uzeeni. Baba yako angenicheka.

Basi nikatanguliza taa yako. Nimeifunga kwenye kamba ileile ya baba yako, fundo lake bado ninalijua. Ilipofika katikati, pale kandili ilipozimikia mara ile, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mwanangu, ilikuwa inawaka! Nikaiteremsha hadi chini kabisa, bado inawaka. Nimeiacha huko tangu nilipoanza barua hii, na kila nikimaliza mstari naichungulia. Haijapepesa hata mara moja. Naona mahindi, naona ngazi yote, naona mpaka alama ya mahali alipolala Mkaguzi.

Kwa hiyo nakuomba radhi. Nilinuna kwa ajili ya kandili na nikakuandikia maneno makavu. Ulisema kweli na mimi nilikuwa mbishi. Kipya kinyemi, na hiki wala si kidonda. Hapa palipokaa taa na mtu atakaa, na leo sitamrudisha yeyote nyumbani, hata mimi mwenyewe. Ukipata hiyo kazi yako ya kudumu ujue mama yako alishuka kukuchotea kwa mkono wake.

Kopo ninalo. Barua naiwekea jiwe hapa juu ya kifuniko isipeperuke. Jina sijaweka, maana sijamaliza. Nataka nikuandikie jinsi mahindi ya chini yalivyo, na lipo jambo jingine la kukuchekesha juu ya Mama Pacha na ile miwani. Nashuka mara moja tu, nikipanda nitamalizia.